Mtoto wa mwaka na miezi minane anabweka usiku na kukwaruza anapovuta pumzi: ni kifua, ni kimeo au ni karanga?

Nyota ya Tegeta (#1)
Habari za jioni wanajukwaa. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Alianza na mafua mepesi ambayo sikuyatilia maanani, kisha usiku wa juzi aliamka ghafla akikohoa kikohozi kikavu chenye mlio wa kubweka, na kila alipovuta pumzi koo lilitoa sauti ya kukwaruza iliyosikika hadi chumba cha pili. Mchana anacheza na kula kama kawaida, ila sauti yake imekauka kidogo. Usiku wa jana hali ilirudi vilevile. Zahanati walimpima malaria, hawakuiona, wakaniambia ni kifua na kunipa antibayotiki pamoja na dawa ya maji ya kikohozi. Mama mkwe anasema ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na tayari ameshampigia simu fundi wa kukikata. Dada wa kazi naye amekumbuka kwamba siku moja kabla ya haya yote mtoto alipaliwa wakati watoto wa jirani wakila karanga, akakohoa sana kisha akanyamaza. Je, ni kitu gani kinachomfanya mtoto awe mzima mchana na apumue kwa shida usiku? Na ni dalili zipi zikitokea nisisubiri kupambazuke? Nawasilisha.

Mzee Kifimbo (#2)
Hiyo ni baridi imeingia kifuani. Watoto wa siku hizi wanalazwa chini ya feni, wanatembea peku kwenye vigae tangu alfajiri, halafu tunashangaa. Mpake mafuta ya nazi yenye karafuu kifuani na miguuni, mvalishe soksi, na zima hiyo feni.

Tabibu wa Zamu (#3)
Dada, kabla ya kulitafuta jina la ugonjwa, sikiliza sauti inatoka wakati gani. Sauti ya kukwaruza inayotoka mtoto anapovuta hewa ndani huashiria kwamba njia imebana juu, kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti, au chini yake kidogo. Ile nyembamba, ya mluzi, inayotoka anapoitoa hewa nje, mara nyingi hutoka kwenye vijia vidogo ndani ya mapafu. Uliyoyaeleza, yaani kikohozi cha kubweka, sauti kukauka na mkwaruzo wa kuvuta pumzi unaozidi usiku baada ya mafua, yanafanana sana na krupu, ambayo ni uvimbe wa zoloto na bomba la hewa unaoletwa na virusi, hasa vile vinavyoitwa parainfluenza. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitatu, kwa sababu njia yao ya hewa ni nyembamba kiasi kwamba uvimbe wa milimita moja kuizunguka unaweza kuipunguza nafasi ya hewa kwa zaidi ya nusu.

Kuhusu swali lako la pili: usisubiri asubuhi iwapo mkwaruzo unasikika hata mtoto akiwa ametulia au amelala, iwapo sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, iwapo hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea, anadondosha mate kwa kushindwa kumeza, au ulimi na fizi zimebadilika rangi kuwa za kibuluu. Kwa watoto wetu weusi usiangalie ngozi ya uso, angalia ndani ya midomo. Mkwaruzo unaosikika anapolia tu, kisha ukapotea anapobembelezwa, hauna uzito uleule, ingawa nao unastahili kuonwa na mtaalamu.

Bibi Chausiku (#4)
Nimesoma hapo juu na ninaheshimu elimu, lakini kikohozi kikavu cha usiku, kisichokoma, na mtoto anataka kutapika, sisi tuliolea tunakijua. Kimeo kikirefuka kinalala kwenye ulimi, mtoto akilala chali kinamkuna koo. Ndiyo maana mchana akiwa wima hana shida. Hilo ndilo jibu la swali la mwanzo, na halihitaji virusi.

Kalamu Nyekundu (#5)
Bibi Chausiku, shikamoo. Maelezo yako yanapendeza kwa kuwa yanajibu suala la usiku, lakini hayaelezi kubweka, hayaelezi sauti kukauka, na hayaelezi kwa nini mkwaruzo unatoka anapovuta hewa tu. Kimeo kipo juu ya nyuzi za sauti, kwa hiyo hata kikivimba hakiwezi kuikausha sauti. Tena nikumbushe kwamba hospitali zetu zimeshapokea watoto waliokatwa kimeo wakiwa na damu isiyokata, upungufu wa damu, maambukizi ya koo, na wengine wakishindwa kupumua kwa uvimbe uliosababishwa na kisu chenyewe.

Bibi Chausiku (#6)
Marahaba mwanangu. Nami nimewaona wengi waliokatwa wakapona.

Kalamu Nyekundu (#7)
Walipona, sikatai. Kikohozi cha virusi huisha chenyewe ndani ya wiki moja au mbili kwa walio wengi, kwa hiyo anayekata kimeo siku ya nne amejichagulia kesi ambayo hawezi kushindwa. Akipona, kisu kimetibu. Asipopona, wanasema kimeo kilikatwa pungufu.

Mpwani wa Likoni (#8)
Salamu kutoka Mombasa. Kwetu pia mambo haya yapo, na mafundi wake huja hadi mlangoni. Dadangu Nyota, mimi ningemzuia fundi kwa adabu, nimwambie mama mkwe kwamba daktari amekataza mtoto asiguswe kooni hadi apimwe. Maneno haya si ya kudanganya, maana mtoto mwenye mkwaruzo haruhusiwi kutiwa kijiko mdomoni wala kukodolewa koo kwa nguvu. Akilia kwa hofu, njia iliyobaki huzidi kubana.

Baba Mapacha (#9)
Mimi ninaisimamia karanga, na ninashangaa kwamba watu wamemrukia bibi wakaisahau. Pacha wangu mmoja alipaliwa na punje ya mahindi ya kuchoma. Alikohoa hadi akawa mwekundu wa macho, kisha akatulia kabisa, tukadhani ameimeza. Baada ya hapo akawa na kikohozi kisichoisha na kifua kilichoita upande mmoja. Alitibiwa nimonia, ikatulia, ikarudi upande uleule. Hatimaye daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa alimwingiza chombo chenye taa mtoto akiwa amelazwa usingizi wa dawa, akaitoa ile punje ikiwa imevimba na kunuka. Kipindi cha kimya baada ya kupaliwa ndicho kinachodanganya watu.

Pia nyongeza: mtoto akipumua zaidi ya mara 40 kwa dakika, kimbia hospitali.

Kalamu Nyekundu (#10)
Ninakubaliana na Baba Mapacha kuhusu karanga, ila nirekebishe namba. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumika hata katika zahanati zetu, upumuaji wa haraka ni mara 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, na 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi miaka mitano. Kwa mtoto wa Nyota ni kweli namba ni 40, lakini anayesoma hapa akiwa na mtoto wa miezi mitano asije akachanganyikiwa bure.

Muuguzi Mstaafu (#11)
Nami niongeze namna ya kuhesabu, kwa sababu nimewaona hata wahudumu wakihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, jambo linaloharibu hesabu kwa watoto ambao pumzi zao hazina mpangilio. Mtoto awe ametulia, asiwe ananyonya wala kulia. Mpandishe fulana hadi usawa wa chuchu, muweke mapajani pako palipo na mwanga, kisha hesabu tumbo linavyopanda kwa dakika nzima ukiwa umeweka simu na saa yake mbele yako. Ukiwa bado hapo, teremsha macho kwenye ukingo wa chini wa mbavu. Mtoto mzima anapovuta hewa, kifua na tumbo hupanda pamoja. Ukiona tumbo linapanda huku pale chini ya mbavu panaingia ndani, na inakuwa hivyo kila pumzi, hiyo ndiyo kubonyea inayosemwa na Tabibu katika #3. Ikitokea wakati wa kulia pekee, haihesabiwi.

Mzee Kifimbo (#12)
Kwa hiyo soksi hazina kazi?

Muuguzi Mstaafu (#13)
Soksi hazidhuru, mzee wangu. Karafuu na dawa za kupaka zenye kafuri ndizo ninazoziogopa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, hasa zikipakwa karibu na pua.

Mama wa Kwaito (#14)
Mbona hakuna anayetaja pumu? Mwanangu mkubwa alianza hivihivi: mafua kidogo, usiku kifua kinabana, asubuhi anakimbia. Tuliambiwa bronkaitisi mara kadhaa hadi daktari mmoja aliponiuliza kama mimi au baba yake tuna pumu, au kama mtoto aliwahi kuwa na pumu ya ngozi (ukurutu). Alikuwa nayo tangu uchanga. Alipopewa salbutamoli ya kuvuta, dawa ya kufungua vijia vya hewa, usiku ule tulilala. Nyota, chunguza ukoo.

Tabibu wa Zamu (#15)
Swali la pumu ni halali, ingawa pumu hutoa mluzi wa kutoa pumzi na si kubweka. Tatizo ni kwamba mzazi anapotuambia "kifua kinaita" anaweza kuwa anamaanisha sauti tatu tofauti: mluzi, mkwaruzo, au makamasi yanayocheza nyuma ya pua. Suluhisho ni rahisi. Chukua video ya kifua na uso wakati sauti inatoka, bila kumkurupua mtoto, umwoneshe daktari asubuhi. Imenisaidia mara nyingi kuliko maelezo marefu.

Kwa anayetumia salbutamoli ya kopo kwa mtoto mdogo: dawa inahitaji chemba katikati ya kopo na mdomo. Watafiti wa Cape Town walionesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa vizuri kitakoni ili kopo likae bila kuvuja, inafanya kazi hiyo karibu sawa na chemba za dukani. Hata hivyo kwa mkwaruzo wa krupu salbutamoli haisaidii, kwa sababu inalegeza misuli ya vijia vya chini, na tatizo liko juu.

Mfamasia wa Kona (#16)
Ninajitokeza kutetea na kulaumu kwa pamoja. Ninalaumu antibayotiki aliyoandikiwa mtoto huyu: kama ni virusi, haina kazi, na kama ni karanga, haina kazi vilevile. Ninamtetea mhudumu kwa sababu akiona mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye kikohozi na pumzi za haraka, mwongozo unamruhusu kuanza amoksilini, ambayo ni antibayotiki, kwa kuhofia nimonia, na nimonia inaua kuliko krupu. Swali ni kama alihesabu pumzi.

Dawa ya maji ya kikohozi ndiyo ningeiweka kando kabisa. Kwa umri huu haijathibitishwa kusaidia, na zenye kodini hazifai kwa mtoto. Msisahau pia kwamba Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za maji zilizokuwa zimechafuliwa kwa kemikali za sumu huko Gambia, ambako watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Asali kijiko kidogo kabla ya kulala inatosha kutuliza kikohozi cha mtoto aliyevuka mwaka mmoja. Aliyepungua mwaka asipewe asali kabisa, kwa sababu ya hatari ya sumu ya botulizimu.

Mama wa Kwaito (#17)
Na kujifukiza? Jirani yangu anawafukiza wote kwa mkaratusi, wakubwa kwa wadogo.

Mfamasia wa Kona (#18)
Mvuke uliachwa zamani kwa krupu kwa kuwa majaribio hayakuonesha faida. Tulichobaki nacho ni watoto walioungua, kwa sababu sufuria la maji ya moto na mtoto anayejitahidi kutoka ndani ya shuka havikai pamoja salama.

Ughaibuni (#19)
Niko Oslo, Norwe, ambako kila familia inaijua krupu. Wazazi hapa huambiwa wamkalishe mtoto wima, wamfunge blanketi na kumtoa barazani au kwenye dirisha lililo wazi ili avute hewa baridi ya usiku. Kwa muda mrefu ilikuwa desturi tu, lakini mwaka 2023 madaktari wa Geneva walichapisha jaribio ambamo watoto wenye krupu nyepesi na ya kati, wote wakiwa wamepewa dawa ya steroidi, waligawanywa: wengine wakakaa nje kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10 kwa nusu saa, wengine wakabaki ndani. Waliokaa nje walitulia haraka zaidi. Kwa hiyo Mzee Kifimbo, pengine baridi haikuwa adui.

Mzee Kifimbo (#20)
Tegeta nyuzi 10 utazipata wapi? Kwenye friji la duka la soda?

Baridi ya Makete (#21)
Waje huku kwetu Julai, hatuhitaji Oslo. Lakini huku kuna jambo lingine ambalo wa mijini hawaligusi: tunawasha moto ndani, tunafunga dirisha kwa sababu ya hiyo hiyo baridi, na mtoto analala pembeni ya jiko. Mwanangu alikuwa akikohoa kila usiku. Nilipohamishia jiko nje, kikohozi kikapungua, ingawa sitasema kwamba kilikwisha. Nyota, unapikia nini, na mtoto analala umbali gani kutoka jikoni?

Nyota ya Tegeta (#22)
Asanteni wote. Ninapikia gesi, lakini jirani wa dirishani anakaanga mihogo kwa mkaa kila jioni, na moshi wake huingia chumbani. Pumu ipo kwa upande wa baba yake, shangazi yake anayo. Mtoto hana pumu ya ngozi. Chanjo zote kwenye kadi ya kliniki zimekamilika, ikiwemo surua ya pili aliyochanjwa akiwa na miezi kumi na minane.

Muuguzi Mstaafu (#23)
Hilo la kadi ni kubwa kuliko linavyoonekana. Nilipoanza kazi, mtoto mwenye mkwaruzo tulimfikiria kwanza dondakoo na uvimbe wa kifuniko cha zoloto unaoletwa na bakteria aitwaye Hib. Huyo wa Hib ana homa kali, anakaa ameinamia mbele, anadondosha mate, na kikohozi hana. Chanjo ya Hib iliingia Tanzania ndani ya chanjo ya pamoja mwaka 2009, na ile ya kuzuia nimonia ya nimokoka ikafuata kuanzia mwaka 2013. Siku hizi wauguzi vijana wanaweza kumaliza mafunzo bila kuwaona watoto wale. Surua nayo huleta mkwaruzo wa koo, tena mbaya. Dondakoo halijatoweka duniani: mwaka 2023 Nigeria ilipata mlipuko mkubwa, na waliougua sana walikuwa watoto wasiokamilisha chanjo.

Mpwani wa Likoni (#24)
Niulize jambo ambalo linanisumbua. Ndugu yangu alimwona mtoto wake anakwaruza kwa nguvu, kisha sauti ikapungua, akashukuru kwamba amepata nafuu. Kumbe alikuwa amechoka. Je, hali hiyo inatambulikaje?

Tabibu wa Zamu (#25)
Hii ndiyo hatari ambayo sikuiandika katika #3. Sauti inahitaji hewa ipite. Mtoto akichoka au njia ikibana mno, hewa inayopita ni kidogo na kelele hupungua. Mtofautishe kwa mambo mengine: aliyepata nafuu huchangamka, hudai maji, kifua huacha kubonyea, na hulala usingizi wa kawaida. Aliyechoka hulegea, haitiki vizuri, hubadilika rangi, na kifua kinaendelea kubonyea au pumzi zinakuwa hafifu. Kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni nacho kisikutulize kupita kiasi, maana katika krupu oksijeni hushuka mwishoni, mtoto akiwa tayari katika hali mbaya.

Fundi Jiko (#26)
Na mafuta ya taa jamani? Shemeji yangu alikuwa akiyahifadhi kwenye chupa ya soda. Mtoto akanywa funda moja, akapaliwa, akaanza kukohoa na kupumua kwa kelele. Bibi mmoja akataka kumtapisha kwa maziwa, na bahati nzuri alizuiwa, kwa sababu daktari alieleza kwamba madhara hutokea mafuta yanapoingia mapafuni, na kumtapisha ni kuyapitisha pale kwa mara ya pili. Nyota, nusa nguo alizovaa siku ile.

Nyota ya Tegeta (#27)
Mafuta ya taa hatuna nyumbani. Narudi kutoa mrejesho. Usiku alianza tena saa nane, na safari hii alikwaruza hata akiwa ametulia begani kwangu, kwa hiyo sikusubiri. Tulipanda bajaji, pande zikiwa wazi, na nusu ya njia sauti ikapungua hadi mume wangu akasema turudi. Tuliendelea. Mapokezi nilisema sentensi moja tu, kwamba mtoto anakwaruza anapovuta pumzi akiwa ametulia, tukapitishwa mbele ya foleni. Daktari alitazama video, akamsikiliza mtoto akiwa bado mapajani pangu, hakumtia kijiko mdomoni. Alimpa dozi moja ya deksamethasoni, dawa ya steroidi, ya kunywa iliyopimwa kwa uzito wake, akatubakiza hapo kwa saa kadhaa. Alfajiri mtoto alikuwa anaomba uji. Picha ya eksirei ya kifua imetoka safi. Fundi wa kimeo alipofika mama mkwe mwenyewe alimpa nauli ya kurudia.

Bibi Chausiku (#28)
Tunamshukuru Mungu kwa mtoto. Huyo fundi angekuja bure tu, watu wa siku hizi hawajui hata kushika mkasi. Zamani kulikuwa na watu wake.

Mama wa Kwaito (#29)
Hongera mama. Basi imethibitika ni krupu, uzi ufungwe.

Baba Mapacha (#30)
Usifungwe. Deksamethasoni inapunguza uvimbe wa aina yoyote. Ikiwa kuna kipande cha karanga kilichokwama na kuvimbisha kuta za njia ya hewa, dawa hiyo hiyo itapunguza uvimbe, mtoto atapata nafuu, na karanga itabaki palepale. Eksirei safi nayo haimtoi karanga mahakamani, kwa kuwa karanga, maharage na punje za mahindi hazionekani kwenye picha kama sarafu au betri inavyoonekana. Picha ya kwanza ya mwanangu ilikuwa safi pia.

Mama wa Kwaito (#31)
Kwa mantiki hiyo pumu nayo inabaki mezani, maana steroidi ndizo zinazotuliza pumu. Mmeniongezea ushahidi bila kutaka.

Ughaibuni (#32)
Na kile kilichotokea ndani ya bajaji? Sauti ilipungua kabla ya dawa yoyote, pande zikiwa wazi. Sidai kwamba usiku wa Dar es Salaam ni Geneva, ila nusu ya wazazi huku husimulia hivyohivyo: mtoto anatulia wakifika mlangoni mwa hospitali.

Kalamu Nyekundu (#33)
Ughaibuni, huenda alitulia kwa sababu alikuwa amekaa wima, amekumbatiwa, ameacha kulia. Jaribio ulilolitaja lilikuwa chini ya nyuzi 10, usilinyooshe hadi barabara ya Bagamoyo. Baba Mapacha ana hoja nzito zaidi. Kinachoitia krupu nguvu ni mafua yaliyotangulia, sauti kukauka na kubweka. Kinachoitia karanga nguvu ni kupaliwa kulikoshuhudiwa, na madaktari wa koo husema kwamba kupaliwa kulikoshuhudiwa kunatosha kumtaka mtoto achunguzwe hata kama picha ni safi. Mambo yote mawili yapo kwa mtoto mmoja, ndiyo maana hatuelewani.

Tabibu wa Zamu (#34)
Ninakubali kwamba nafuu ya dawa haitenganishi maelezo haya matatu. Muda ndio unaotenganisha. Krupu ya virusi hutulia ndani ya siku mbili au tatu, kikohozi kikamalizika ndani ya wiki. Ikiwa mkwaruzo au kikohozi kitaendelea baada ya hapo, ikiwa upande mmoja wa kifua utasikika hafifu kuliko mwingine, au ikiwa atapata nimonia inayojirudia sehemu ileile, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina wataalamu hao. Ningetamani hata hivyo kujua kama daktari wa usiku alielezwa habari ya kupaliwa, kwa kuwa familia nyingi huona aibu kuitaja, hasa panapokuwa na dada wa kazi anayeogopa kufukuzwa.

Baba Mapacha (#35)
Hapo umegusa penyewe. Sisi tuliambiwa habari ya mahindi baada ya mtoto kuwa amemaliza dozi mbili.

Baridi ya Makete (#36)
Pia kuna watoto ambao krupu yao huja na kuondoka ghafla usiku bila homa, kisha inarudi kila wakipata mafua. Mpwa wangu ni hivyo, na hakuna aliyewahi kutuambia sababu: mmoja alisema mzio, mwingine akasema tindikali ya tumbo inapanda kooni akilala. Mwingine alisema ni nyama za puani, zikatolewa, akaacha kukoroma, lakini kubweka kukarudi mwaka uliofuata.

Nyota ya Tegeta (#37)
Tabibu, nilimweleza daktari habari ya karanga, na dada alikuwepo, nikamwambia mbele yake kwamba ametusaidia kwa kusema. Daktari alisikiliza pande zote mbili za kifua, akasema hewa inaingia sawa, lakini ameandika rufaa ya kumwona mtaalamu wa koo ikiwa kikohozi hakitaisha. Antibayotiki ameisimamisha. Usiku wa jana alibweka mara chache bila mkwaruzo.

Kalamu Nyekundu (#38)
Asante kwa mrejesho. Mtoto ni wa kiume au wa kike? Krupu huwapata zaidi wa kiume, ingawa karanga haichagui.

Nyota ya Tegeta (#39)
Ni wa kiume. Tunamwona mtaalamu Jumatano, hata kama kikohozi kitakuwa kimekwisha, kwa sababu baba yake amesoma #30.

Mzee Kifimbo (#40)
Mkienda, mvalisheni soksi.